Ukigonga Tena, Sisimami

Oyaro alikuwa fundi mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Pale Kipkelion watu walimpelekea magari kwa sababu ya mikono, wakarudi nyumbani wakilalamikia mdomo. Kuna mzee aliwahi kuambiwa kwamba gari lake halina ugonjwa wowote, limechoka tu kumwona yeye kila asubuhi. Mzee alinuna mwezi mzima, kisha gari likaharibika tena akarudi kwa Oyaro huyo huyo. Angefanyaje?

Ijumaa hiyo mikononi mwa Oyaro kulikuwa na pikapu ya Jairus, iliyobeba majani chai wiki nzima na kubeba kwaya siku ya Sabato. Kiwandani ilizaliwa na gurudumu moja tu kila upande wa nyuma, na Jairus alikuwa amechoka kupasukiwa na tairi kila akijaza mzigo. Sasa alitaka mawili mawili, la ndani na la nje, kama lori. Oyaro aling'oa bolti fupi akatia ndefu zenye nati kubwa zaidi, akazilaza rimu mgongo kwa mgongo, na kazi ikatoka safi hata yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua chache kuitazama, kama mtu aliyejenga nyumba.

Hapo ndipo Jairus akaleta mkebe wa rangi. Kesho yake kwaya ilikuwa ikienda kwenye makambi, mkutano mkubwa wa kanisa, huko chini Fort Ternan, na hakutaka rimu zenye kutu mbele ya wageni. Oyaro akapaka nyeupe. Jua lilikuwa linakimbia naye akakimbia nalo, akapaka kila mahali, hata pale chuma kinapolalia chuma, ambapo rangi haifai kufika. Akakaza nati zote kwa nguvu zake zote, lakini alijua. Rangi mbichi kati ya rimu ni kama siagi kati ya vipande vya mkate: ukishabana huwa inaondoka pole pole, na nati iliyoshika vizuri jana inaamka na nafasi. Dawa ni kuliacha gari litembee kidogo, kisha ukaze tena.

Alikuwa bado ameinama na spana mkononi wakati mama yake, Mellen, alipofika mlangoni mwa gereji. Mellen ndiye aliyeongoza kwaya, na Sabato yake haikuanza asubuhi kama ya wavivu. Ilianza Ijumaa jua likizama, dakika hiyo hiyo.

"Weka chini, baba," alisema. "Jua limeenda."

Oyaro alimweleza kwamba amemaliza, imebaki tu kukaza mara moja asubuhi kabla hawajaondoka, na kukaza nati si kazi, ni kama kufunga vifungo vya shati.

"Shati lako sijawahi kuliona limeinuliwa na jeki," Mellen akajibu. Akaichukua ile spana ya magurudumu kutoka mkononi mwake, akaenda nayo nyumbani.

Alfajiri Oyaro aliitafuta kila mahali. Aliangalia chini ya kitanda cha mama, nyuma ya magunia ya mahindi, hata kwenye banda la kuku. Hakuiona. Nje Jairus alikuwa tayari anapiga honi. Angeweza kwenda dirishani akamwambia ukweli, kwamba kazi haijaisha. Lakini kwaya yote ilikuwa imeshapanda, imevaa maruni na nyeupe, na kila mmoja wao alikuwa amewahi kutaniwa na Oyaro. Wangemla mbichi. Akajiambia kwamba Fort Ternan si mbali, na isitoshe ni kuteremka tu, gari litajipeleka lenyewe. Mzaha huo haukumchekesha hata yeye. Akapanda nyuma, akakaa juu kabisa ya magurudumu ya kushoto.

Sasa, pikapu ya Jairus haikuwa na kengele. Waliokaa nyuma wakitaka kushuka waligonga paa la kebini, naye Jairus akasimama. Hawakuwa wamefika mbali Oyaro akagonga. Jairus akasimama, akatoa kichwa dirishani. Oyaro, kwa uso wa shemasi, akamwambia alikuwa anapima tu kama breki zinashika. Kwaya ikacheka. Jairus pia akacheka, kidogo.

Mara ya pili hakugonga kwa utani. Barabara ilikuwa imeanza kuinama na alitaka kushuka azishike nati kwa mkono, azisikie. Lakini pikapu iliposimama, macho yote yakamgeukia, ya mama yake yakiwa mbele, na ulimi ukamkimbilia kule ulikozoea. Akasema Dada Janefer wa sauti ya pili anaomba kumsalimu dereva, anaona haya kusema mwenyewe. Janefer akamchapa na kitabu cha nyimbo. Jairus akashuka kabisa, akaja nyuma, na safari hii hakuwa anacheka.

"Ukigonga tena, Oyaro, sisimami. Hata gari likiwaka moto, tutauzimia huko Fort Ternan."

Kwaya ikampigia makofi. Wakaanza wimbo, na pikapu ikaanza mteremko wenyewe, ule wa kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine hakuna kitu, mpaka chini kabisa kwenye miwa na reli.

Ndipo akausikia. Haukuwa mlio wa kutisha. Tok. Halafu kimya. Tok. Kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, chini ya makalio yake. Gari likienda haraka, mlio unaharakisha. Jairus akipunguza, unapunguza. Oyaro alijua magari kama wengine wanavyojua watoto wao, na alijua kilio hicho. Akainama juu ya ubavu wa pikapu, akatazama. Gurudumu la nje lilikuwa linacheza, linakwenda ndani na nje, kama kichwa cha mtoto anayesinzia kanisani. Akiwa anatazama, kitu cheupe kikaruka kutoka hapo, kikadunda barabarani mara moja, kikapotelea shimoni. Ilikuwa nati aliyoipaka rangi mwenyewe.

Akagonga paa kwa ngumi mbili. Jairus akatoa mkono dirishani, akatikisa kidole, hapana, hapana, akaongeza mwendo.

"Gurudumu linatoka!" Oyaro akapiga kelele.

"Na injini je," Molly wa soprano akamuuliza, "imebaki nyumbani?"

Wakaangua kicheko na kurudi kwenye wimbo, kwa sauti ya juu zaidi. Akagonga tena, akagonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na kadiri alivyogonga ndivyo walivyofurahi, kwa kuwa hawakuwa wamemwona akiigiza vizuri namna hiyo. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi kufuata ngumi zake. Kona ikaja. Pikapu ikainama upande wa bonde na mlio ukawa tok-tok-tok, haubishi hodi tena, unataka kuingia.

Oyaro akatambaa kati ya magoti ya watu mpaka alipokaa mama yake. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukuwa na kitu. Mellen alikuwa anaongoza kwa mkono wa kulia, macho mbele. Alipoyashusha kumkemea, hakutazama uso wa mwanawe, maana uso huo ulikuwa umemdanganya mara nyingi. Alitazama mkono. Oyaro hakujua kwamba alikuwa ameshika upindo wa gauni lake, amekaza, kama alivyokuwa akishika akiwa mdogo wakivuka mto uliojaa.

Mellen akainua mkono juu, akafunga ngumi.

Kwaya ni kwaya. Walinyamaza katikati ya neno. Na katika kimya hicho wote wakausikia mlio, tok-tok-tok-tok, chini yao, na hakuna aliyecheka.

Jairus naye aliusikia. Kwanza alisikia wimbo ukikatika kabla ya kiitikio, jambo ambalo halikuwa limetokea katika miaka yote ya kuwabeba, kisha akasikia kile ambacho wimbo ulikuwa umekificha. Hakukanyaga breki kwa nguvu. Alishusha gia, akashusha nyingine, akaisogeza pikapu pole pole kuelekea upande wa ukuta. Nyuma watu walishikana mikono. Janefer alikuwa anaomba bila sauti, midomo tu. Gurudumu lilitetemeka, likayumba, na pikapu ikaegemea udongo, ikasimama.

Walishuka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka chumbani kwa mgonjwa. Jairus akachuchumaa kwenye gurudumu, akashika nati kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kifuniko cha soda. Akashika ya pili. Nayo vile vile. Akamtazama Oyaro. Hakumtukana, na hilo ndilo lililomtisha Oyaro kuliko bonde.

"Nilitaka kukaza asubuhi," Oyaro akasema. "Nilijua. Sikusema."

Spana ya Jairus ilikuwa ya nati ndogo za zamani, haikuingia. Watu wakatazama barabara juu na chini. Mellen akarudi kwenye pikapu, akavuta kiondo cha chakula, akatoa sufuria ya wali, akatoa chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na chini kabisa akatoa ile spana ndefu ya magurudumu. Alikuwa ameibeba yeye mwenyewe, ili mwanawe asiamke usiku akamwibia Mungu saa moja.

Aliishika kwa muda mrefu.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato," alianza, halafu hakumaliza. Akampa. Mikononi mwa Oyaro spana ikagonga rimu bila kushika, basi Mellen akapiga magoti na gauni lake la maruni katika vumbi, akaziweka nati mahali pake moja moja, na Oyaro akakaza.

Walikubaliana kwamba pikapu iteremke tupu, mwendo wa kinyonga, na kwaya itembee. Oyaro akatembea kando ya gurudumu, sikio likiwa limeinamishwa kama mganga, na kila baada ya kona akainua mkono, Jairus akasimama, nati zikakazwa tena. Mbele yao kwaya iliteremka kimya, viatu vikiwa mkononi, bila mtu kuimba, ili yeye apate kusikia.

Chini, kwenye lango la makambi, wageni walitoka kuwapokea wakashangaa kwaya isiyo na wimbo. Molly akarudi nyuma, akamkaribia Oyaro, akamnong'oneza atoe hata kichekesho kimoja, watu wamekauka kwa hofu.

"Ngoja kwanza," Oyaro akasema. "Nasikiliza."

Pikapu ilikuwa imeshazimwa.