Insha Tano kutoka Timau

…na Watiri, mwalimu mwenzake, bado yuko mlangoni, anasema kitu kuhusu chai, ati inapoa, lakini Theuri hamsikii vizuri, vidole vyake vimesimama juu ya kompyuta hii waliyoletewa chuoni mwaka jana, tisini na saba, ili wafundishe watu wa mbali kwa laini ya simu, na kwenye kioo kuna barua ya Mukami wa Timau, mwanafunzi ambaye hajawahi kumwona uso, anaandika, Mwalimu, nimekuandikia mara tatu, mume wangu Koome anasema hakuna mwalimu, kuna mwanamume ninayemfuata Nanyuki kila Ijumaa nikisema naenda kutuma masomo, juzi amenivunja mkono… mara tatu, na Theuri aliziona zote, akanyamaza, kwa sababu darasa lililonyamaza ndilo linalosoma, ndivyo alivyowalea Mwalimu Hezekiah shule ya msingi, kiboko mezani, kimya, na aliyethubutu kuuliza alilazwa chini akachapwa mpaka akajikojolea, na aliyejikojolea alikuwa Theuri mwenyewe, wa miaka tisa, darasa zima likacheka… mtu mzima wa chuo kikuu habembelezwi, ndivyo alivyomwambia Watiri kule semina, mkufunzi aliposema wa mbali ajibiwe ndani ya siku mbili, ajue kuna mtu upande wa pili, wenzake wakaandika, yeye akapiga miayo… lo, ampate huyo Koome, amkabe koo, amvunje vidole kimoja kimoja, amwandikie sasa hivi, mbwa wewe, nakuja na panga… lakini Mukami amemalizia hivi, "Andika kitu yoyote, Mwalimu. Nitampelekea karatasi, ndiye atasoma kwanza." Atasoma kwanza. Basi kila tusi la Theuri litapokewa na Koome na kulipwa kwenye mwili wa Mukami, kwenye ule mkono uliobaki… na akiandika pole? Pole ya mwanamume asiyejulikana, ndiyo hasa anayoitafuta yule mnyama… Theuri anaona haya, haya tupu, "Theuri, unakuja ama hukuji?" anauliza Watiri, na vidole viko palepale, havijagusa kitu, maana kinachofaa ni somo peke yake, kavu, refu, hapa umepatia, hapa umekosea, soma tena ukurasa huu, maneno ambayo hakuna mpenzi duniani angeyaandika, na ili ayaandike lazima azisome insha zake, zote tano alizotuma tangu Januari, na Mungu wangu, hajafungua hata moja.