Pigo Lisiloamkia Wakubwa

Usiku wa jana niliota moyo wangu unakwenda mbio, na safari hii kwa miguu. Ulikuwa umevaa kandambili zangu za wodini, unakatiza korido ya hospitali bila kumtazama mtu.

"Rudi kifuani!" nikauita. "Daktari anataka picha!"

Picha hiyo ndiyo uhai wangu. Daktari Nyamizi alishanieleza: mapigo yangu ya hatari yanaanzia mahali fulani moyoni, naye atapachoma ili yakome. Asipopata picha safi, atachoma kwa kubahatisha. Na moyo unaokimbia haupigiki picha.

Mashine ya picha imelala mlangoni, tundu lake wazi, inapiga miayo. "Zuia pumzi," inaniamuru.

Nazuia. Pumzi inachomoka puani, naidaka kwa mikono miwili, ina joto kama andazi.

"Usiiachie," inasema mashine.

Sasa moyo nitaukamata kwa nini, kwa meno? Nimechoka na watu hawa. Moyo huo, unapita tena.

"Unanipita mtu mzima bila salamu?"

"Tumezaliwa siku moja," unanijibu bila kusimama. "Nani amwamkie nani?"

Miaka yote niliyofundisha, sijawahi kujibiwa vile.

"Halafu mimi sikimbii," unaongeza. "Nakimbizwa. Ingia uone mwenyewe."

Korido inakuwa ndani ya moyo wangu. Ni nyumba ya vyumba vinne, sakafu inaruka. Chumba cha kwanza namkuta Daktari Nyamizi na pasi ya moto, anaukaribia ukuta usio na kosa lolote.

"Siyo huo!" napiga kelele.

"Picha iko wapi, mzee?" anauliza kwa upole. "Bila picha, kwangu kuta zote ni sawa."

Nakimbilia chumba cha chini kushoto. Kovu amekaa kwenye kigoda. Yupo humo tangu nilipopata shambulio la moyo, miaka miwili sasa.

"Mimi nilishapona," anasema, mpole kama mgeni wa harusi.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," namwambia. "Methali hiyo ni yako."

Maana nimeshakiona. Kijipigo kimoja kinamzunguka Kovu mbio mbio, kama mbuzi aliyefungwa kigingini, na kila kikizunguka, nyumba nzima inaruka. Hasira ikanipanda. Kumbe ninayehangaishwa naye ni kitoto cha miaka miwili!

"Wewe! Unampita mtu mzima bila kumwamkia? Nani amekulea?"

Kijipigo kikasimama. Sakafu ikatulia. Kikainamisha kichwa, kikasema taratibu, "Shikamoo, mwalimu."

Nikaamka. Kumekucha, na Daktari Nyamizi ameinamia mashine ya mapigo kando ya kitanda changu. Nasikia anasema mapigo yalinikimbia vibaya, wakawa tayari kunipiga shoti ya umeme, mara yakatulia yenyewe.

"Twende tukapige picha sasa hivi," anasema, "kabla hayajaanza tena."

Muuguzi Sikudhani anaanza kukisukuma kitanda. Tukifika mlangoni ananiinamia sikioni.

"Mwalimu, yametulia pale pale uliposema 'Marahaba.' Ulikuwa unamwitikia nani? Mbona humu wodini hakuna aliyekuamkia?"