Daktari Barrionuevo Apitiwa Kinenani

Kwa miaka mingi Daktari Barrionuevo, mpasuaji mashuhuri wa jiji la Rosario, aliwacheka wenzake waliotibu mshipa mkuu wa damu kwa kupenyeza mrija kupitia kinenani.

"Mafundi bomba hao! Mpasuaji hupasua."

Kisha mshipa wake mwenyewe ukavimba tumboni kama puto. Wa kumtibu alikuwa Graciela, mwanafunzi wake wa zamani.

"Nipasue," alimwamuru.

"Moyo wako hautahimili, profesa. Tutapitia kinenani."

"Bora nife!"

"Kufa basi," mkewe Nélida akadakia, "ila wajukuu kawaambie mwenyewe kwamba umeuawa na ubishi."

Akakubali shingo upande. Alichomwa ganzi tu, akabaki macho, akimkosoa Graciela kwa kila alichofanya, mpaka alipoona kwenye skrini mrija ukifunguka ndani ya uvimbe na damu ikipita humo kwa utulivu.

Kesho yake alikuwa ameketi kitandani akinywa kahawa. Wagonjwa wake wa zamani walikuja kumjulia hali, wenye makovu kuanzia kifuani hadi kitovuni, wakataka kuona lake. Akafunua shuka. Walikuta plasta mbili ndogo.

"Ni hivyo tu, daktari?"

"Ni hivyo tu," akajibu kwa uchungu, kama mtu aliyeibiwa.