Njia Isiyopita Gari

Ofisini walimwita Rula, na hata nyumbani jina lilimganda, maana tangu utotoni binti huyu alipima kila kilichokaa mbele yake. Safari hii alitumwa kukagua barabara ya vumbi iendayo kijijini kwa baba yake mdogo. Kuna tajiri alitaka kufungua machimbo ya kokoto kilimani, na ripoti ya Rula ndiyo ingeruhusu malori yapite au yasipite.

Aliinama chini ya daraja dogo, akamulika tochi. Nondo zilikuwa zimeliwa na kutu, zege likimeguka kwa kidole. Malori yaliyoshiba mawe yangeliangusha, na kijiji kingebaki ng'ambo peke yake.

Baba mdogo alimsubiri juu, kofia mkononi. Tangu amzike mkewe, mama mdogo wa Rula, alikuwa amekonda hadi shati linamning'inia.

"Enhe, Rula. Linafaa?"

"Halifai, baba. Litaanguka."

"Basi andika linafaa."

Rula alidhani anataniwa, maana mzee huyu kwa utani alikuwa hajambo. Lakini uso haukucheka.

"Wengine wanaogopa kelele za malori," alisema. "Mimi kelele nazitaka. Siku ile nilimbeba mama yako mdogo mgongoni kumpeleka zahanati, kufika kona ile nikaishiwa nguvu. Tukakaa chini, pumzi zinamkatika, jua likazama. Hata pikipiki haikupita. Lingepita lori, mwanangu, ningelala katikati ya barabara lisimame."

 Rula angeandika daraja jipya lijengwe kwanza, ndiyo, lakini maombi kama hayo ofisini kwao hulala usingizi wa pono.

"Nikiandika linafaa, nitaua watu, baba."

"Najua. Hata mimi ningekataa. Lakini nisingekuomba, ningelala vipi?"

Kisha akaomba lifti mpaka zahanati.

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Nipeleke tu."

Gari dogo la ofisi lilivuka daraja polepole, likapita ile kona. Njia hiyo baba mdogo aliijua kwa miguu maisha yake yote. Kwa gari hakuwahi kuipita. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, macho mbele.  Wakapanda kilima, wakashuka, na kabla wimbo uliokuwa redioni haujaisha, lango la zahanati likawa mbele yao.

"Tumefika, baba."

Hakushuka. Alitazama lango, akageuka kutazama walikotoka, machozi yakimchuruzika wala asiyafute.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.