Kikaratasi Juu ya Bilauri

Magoti ya mume wangu yalikuwa yanalia kama mlango wa ghala, na yangu hayakuwa na nafuu. Tulikuwa tunateleza kwenye theluji tangu asubuhi, na tangu mchana mimi nasema basi, Zbyněk, tuteremke. Yeye ananijibu, "Mara moja tu, mama Hedvika." Mara moja yake ina watoto na wajukuu.

Sikumlaumu sana. Ilikuwa siku yake ya mwisho. Baada ya Pasaka goti la kulia linapasuliwa, liwekwe la chuma, na daktari amemwambia wazi kwamba skii asahau. Basi tulipokuwa tunavua zile mbao za skii pale chini ya mlima, akasimama anatazama moshi juu ya paa la Otakar, akasema kama mtu anayeongelea mvua, "Tupite pale tunywe moja."

"Pale kwa nani?"

"Umesikia."

Otakar ni mdogo wake wa tumbo moja. Ghala la baba yao aliligeuza kuwa kiwanda kidogo cha bia, na baa mbele yake. Siku ya ufunguzi, kijiji kizima kimejaa, Zbyněk akaonja, akasema kwa sauti yake ile ya kuitia ng'ombe kwamba haya ni maji ya kuoshea vyombo. Watu wakacheka. Ulimi huo jamani. Tangu siku hiyo ndugu hao hawajasemeshana. Hedvika wetu kaolewa, kazaa wawili, na baba mdogo hakufika hata harusini. Kila majira ya baridi tunakuja mlima huohuo, tunapita mbele ya mlango ule, na mume wangu anajifanya anakagua vifungo vya viatu.

Sasa mlima ndio umekwisha. Nikajua, akiondoka leo bila kuingia, hana tena sababu ya kupanda huku, na wale wawili watakuja kukutana kwenye mazishi ya mmoja wao. Iliniuma, nasema kweli. Nikabeba skii zangu, nikamfuata.

Ndani palikuwa na joto, na harufu ya kimea na soksi mbichi. Tukakaa karibu na jiko la kuni. Nilikuwa hoi kiasi kwamba hata kuvua glavu ilikuwa kazi. Otakar alikuwa nyuma ya kaunta, amenenepa, kichwa kimejaa mvi. Alituona. Akafuta mikono kwenye aproni, akajaza bilauri mbili, akazileta mwenyewe ingawa ana mhudumu. Akaziweka juu ya vile vikaratasi vigumu vya duara, akaniambia mimi, "Shemeji," akaenda zake. Kaka yake alikuwa anatazama jiko.

Zbyněk akanywa. Mimi nalitazama koo lake.

"Unaionaje?" nikamnong'oneza.

"Ina uchungu."

"Uchungu mzuri au mbaya?"

"Mama Hedvika, niache ninywe."

Huku kwetu hakuna anayeagiza bia ya pili. Bilauri yako ikikaribia kuisha, mwenye baa analeta nyingine bila kuulizwa, na ataendelea kuleta mpaka uchukue kikaratasi chako uifunike bilauri. Hapo umesema imetosha. Kwa hiyo Otakar akaja na ya pili, kimya. Akaja na nyingine. Kila akija, Zbyněk anavuta kiwiko ampishe. Mazungumzo yao yote yalikuwa hicho kiwiko.

Kwenye meza kubwa walikaa wazee wa kijiji, walewale waliocheka siku ile. Mmoja wao, Bořek, akasema tusikie, "Leo maji ya vyombo yanateremka vizuri."

Zbyněk akanywa.

Na mimi sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Supu ya kitunguu saumu niliyoletewa na mhudumu ilikuwa imenilegeza, kope zinaanguka zenyewe, na basi la mwisho la kuteremka bondeni lilikuwa karibu kupita. Nikamtazama mume wangu, uso mwekundu, mtu ambaye nyumbani bia moja inamlaza. Nikaona huyu ameshindwa, anaona aibu kusema. Nikavuta kikaratasi, nikaifunika bilauri yake.

"Imetosha, mzee. Twende tukalale."

Otakar alikuwa njiani anakuja, bia mkononi, povu linamtiririkia vidoleni. Akakiona kile kikaratasi. Akasimama katikati ya sakafu.

"Ota," Bořek akamwambia, "naona bado ni yaleyale maji."

Wenzake wakacheka. Otakar uso ukamshuka. Akageuka na bia yake, akaanza kurudi kaunta.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Watu walewale, bia ileile, na safari hii mkono ni wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Zbyněk akajiinua. Goti likamkatalia, akashika meza, akajiinua tena. Akakitoa kikaratasi juu ya bilauri, akafungua mlango wa jiko, akakitupa motoni.

"Ota," akaita, kwa sauti ileile ya ng'ombe. "Aliyechoka ni mke wangu. Mimi bado nina kiu."

Otakar hakugeuka. "Kiu ya maji ya vyombo?"

"Kiu ya bia. Ni nzuri. Hata siku ile ilikuwa nzuri."

Hakuna aliyecheka. Otakar alisimama pale mpaka povu likakauka mkononi mwake. Kisha akaja, akaiweka bia mbele ya kaka yake, akavuta kiti, akaketi kwa uzito wake wote.

"Hilo goti limekuwaje, kaka?"

"Limeoza."

"La baba nalo lilioza hilohilo."

"La kulia."

"La kulia, ndiyo."

Wakaendelea hivyo, magoti na baba, baba na magoti. Taa za basi zikapita dirishani. Niliziona, nikavua viatu chini ya meza. Mhudumu akaniwekea bilauri nyingine ambayo sikuwa na nguvu hata ya kuitazama. Nikapapasa meza nitafute kikaratasi niifunike. Hapakuwa na hata kimoja. Shemeji alikuwa amevikusanya vyote, amevitia mfukoni mwa aproni yake.