Sakafu Yenye Kiu

Mwaka ule wa ukame, fundi Eustace alikuwa akimwaga sakafu za nyumba mpya za wafanyakazi kwenye mgodi wa almasi, upande wa Songwa. Mabamba ya zege yalitengenezwa uwanjani, yakapangwa juu ya kuta za msingi, kisha juu yake likamwagwa zege jembamba la kumalizia. Kabla ya kumwaga, bamba husuguliwa na kunyweshwa maji. Lisiponyweshwa, hunyonya maji ya zege la juu, na mawili hayo hayashikani.

Asubuhi hiyo lori la maji lilipita bila kusimama, likaelekea kwenye bustani ya mke wa meneja.

"Mwaga hivyo hivyo," msimamizi akasema.

"Ndiyo, bwana." Eustace akamwaga.

Nyumba ya kwanza alipewa mume wa binti yake. Paskazia akahamia humo na mtoto wao mchanga, Limi. Mwanzoni sakafu ililia kama ngoma kila mtu alipokanyaga. Baadaye ikaanza kunywa. Mtungi uliowekwa chini ulikutwa mkavu. Nguo mbichi zilikauka kabla ya kuanikwa. Paskazia alipokaa chini kunyonyesha, maziwa yalikatika. Alipokaa kwenye kiti, yalirudi. Lakini kiti kilikuwa kimoja, na mumewe alikihitaji akitoka zamu.

Kwa majirani ilikuwa vivyo hivyo. Wakazoea kuimiminia sakafu bakuli moja kabla ya wao kunywa.

"Baba, sakafu hii aliimwaga nani?" Paskazia aliuliza.

Eustace akatazama nje. "Watu wa zamu nyingine."

"Hawakuwa na huruma hao."

"Hawakuwa nayo."

Alikwenda kwa msimamizi, kofia mkononi, akaeleza. Msimamizi akagonga sakafu kwa kiatu, akasikiliza, akasema watu watandike mikeka. Jumatatu safu ya pili ya nyumba ikaanza. Lori likapita. Eustace akamwaga pakavu.

Tangu hapo kila jioni alichota debe la maji lamboni, akalimimina mwenyewe kwenye sakafu ya binti yake. Maji yalizama bila kuacha unyevu, na kwa kitambo Paskazia aliweza kukaa chini na kunyonyesha.

"Huchoki, Baba," alimwambia, Limi akiwa kifuani. "Mungu akulipe sawasawa na ulivyotutendea."

Eustace alikuwa Mkristo tangu utotoni, na alijua kwamba dua huitikiwa "Amina". Akaokota debe tupu, akatoka.