Herufi Yenye Mlango

Nilimkuta fundi rangi juu ya ngazi, kitambaa mkononi, anafuta jina la mtoto wangu. Nikamwambia, "Shuka kabla sijakushusha."

"Mama, nimetumwa. Mwenyewe kaniagiza."

Mwenyewe alikuwa ndani ya ofisi yake, kainamia meza ya kuchorea. Ni mtoto wa kaka yangu, lakini shangazi ni baba wa kike, kwa hiyo ni wangu. Anachora nyumba na kuzijenga. Baba yake, mwalimu wa hesabu asiyejua mzaha mwingine, aliwabandika wanawe herufi za Kigiriki: mkubwa Alfa, mdogo Beta. Majina ya vyeti yapo, hakuna anayeyatumia. Na binti huyu alipofungua ofisi, aliandika juu ya mlango bila kusita: BETA, WAJENZI.

"Shangazi, usianze," akasema.

"Sijaanza, ngoja nianze. Jina limekukosea nini?"

Lilimkosea wiki iliyopita. Hospitali inataka nyumba za wauguzi, na akiipata hiyo itakuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Siku ya kufungua maombi, mhasibu wa kamati alisoma jina akacheka. "Beta? Si ndiyo zile programu za simu za majaribio? Nyumba ikituangukia tutaambiwa tusubiri toleo jipya!" Kamati nzima ikaangua kicheko. Leo mchana anarudi kujieleza kwa mara ya mwisho, na anataka kwenda na jina jingine. Kilele, eti.

"Halafu beta ni wa pili," akaongeza kwa sauti ndogo. "Nani anamtaka wa pili?"

Jamani, nilipandwa na hasira! "Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu mmoja kacheka, wewe unajifuta?"

Fundi rangi akaingiza kichwa dirishani. Alikuwa ameshafuta A ya mwisho. "Kama bado mnabishana, niweke I hapo, isomeke BETI. Kama ile ya alfabeti. Sitaharibu rangi nyingi."

"Beti ni za mashairi, bwana wee!" nikamfokea. Mimi ni mshonaji, lakini mashairi natunga, na beti zangu nazijua. "Huyu anajenga nyumba, hatungi beti!"

Nilitegemea Beta acheke. Aliinua uso tu. "Shangazi, ubeti ni neno la wapi?"

"La kwetu."

"Kabla ya kwetu?"

"La Kiarabu, nadhani. Mimi nitajuaje?"

Akavuta kamusi, kisha akahamia kwenye simu. Alisoma, akarudia kusoma, halafu akaanza kucheka peke yake mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Kiarabu ni bayt," akasema. "Nyumba! Ubeti ni nyumba ya maneno." Na Wagiriki nao beta hawakuitunga wao. Waliichukua kwa Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni, waliosema bet, na huko nako bet ni nyumba. Bethlehemu ni ukoo huo huo, nyumba ya mkate. "Kwa Kilatini cha zamani tu ndiyo beta ni mboga, bitiruti. Hiyo tuiache."

Akanigeuzia simu nione herufi ilivyochorwa hapo kale. Zilikuwa kuta za mraba, na upande mmoja umeachwa mwanya.

"Hii ni ramani, Shangazi. Mimi nachora hii kila siku!" Akatoka nje mbio. "Fundi, nirudishie A yangu!"

Mchana niliingia naye kwenye kikao, maana mfano wake wa nyumba wa karatasi ngumu ulihitaji mtu wa kuupakata, na kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Mwenyekiti alieleza kwamba kamati itauliza, ila neno la mwisho ni la muuguzi mkuu, kwa kuwa yeye na wenzake ndio watakaoishi humo.

"Haya, majaribio yamefika," akasema mhasibu.

Nilimkata jicho, akahangaika na kalamu yake. Beta alikwenda ubaoni, akachora mraba wenye mwanya. "Hiki ni nini?"

"Sanduku," akasema mhasibu.

"Chumba," akasema muuguzi mkuu. "Na hapo ni mlango."

"Ndiyo jina langu hilo, lilivyoandikwa zamani," akasema Beta. "Kabla haijawa herufi ya pili, ilikuwa nyumba. Asubuhi nilitaka kuja na jina jingine. Nimeshindwa kupata la mjenzi linalolizidi hili. Sasa niulizeni kuhusu msingi, kuta na maji."

Wakauliza, akajibu bila kutazama karatasi. Hata mhasibu aliuliza ya bomba la maji machafu, akaandika jibu lote. Mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari. Mtoto amenitoa kimasomaso!

Mwisho muuguzi mkuu akainuka, viatu vya zamu miguuni, akaenda ubaoni. "Mlango huu utatazama mochwari. Nikitoka kazini sitaki kuiona tena." Akaufunga kwa mstari mmoja.

Beta akafuta ukuta wa upande wa pili kwa kiganja. "Hapa utapata jua la asubuhi."

Mwenyekiti akamuuliza muuguzi mkuu neno lake ni lipi.

Akaweka kidole katikati ya jina la mtoto wangu. "Kitanda changu nitakiweka hapa," akasema.

"Huyo ni wangu!" nikapaza sauti, na hakuna aliyenikataza.